Injini Iliyotunzwa Kama Mzazi

Sikusikia mlio wowote. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya mume wangu, mbele ya mama jirani, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameniuliza. Nilisema nimesikia kitu kikigonga ndani ya injini, upande wa chini, tukiwa kwenye barabara ya Lanet, nikashikilia hivyo hivyo mpaka watu wakachoka kuizungumzia motokaa ile na kuanza kuzungumzia Uhuru. Ukweli ni kwamba injini ilikuwa ikinguruma vizuri kabisa, kwa sauti moja isiyokatika. Kilichokuwa kikigonga ni moyo wangu, na uligonga kwa wivu.

Najua mtu mwenye akili zake haonei wivu chuma. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, nikafundishwa maneno marefu ya kueleza hali kama ile. Niliyaandika yote kwenye mitihani na nikapasi. Lakini hakuna hata moja lililonifaa kuliko lile nililokuja nalo kutoka nyumbani. Nilikuwa na wivu wa kawaida, ule wa mwanamke anayechungulia dirishani aone mwenzake ameletewa nini kutoka sokoni.

Ilikuwa Nakuru, katika miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Mume wangu alikuwa karani katika bohari ya mizigo ya reli, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Tulikaa katika nyumba za reli, chumba kimoja na jiko la nje, bomba la maji moja kwa mstari mzima. Majirani zetu karibu wote walikuwa watu wa kwetu, wa upande wa magharibi, waliofuata reli kama sisi. Jioni ungedhani uko nyumbani, ila tu hapakuwa na ndizi, na vumbi jeupe la ziwa lilikuwa likitua juu ya kila kitu, hata juu ya siagi.

Motokaa tuliipata kwa mzungu mmoja mwenye shamba huko Kabazi, aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Injini yake ilikuwa ya petroli, silinda nne zilizosimama mstari mmoja kama watoto wa shule, valvu zimekaa ubavuni, na nguvu zake ni za farasi thelathini na kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya kiwandani. Tulipoichukua, silinda mbili zilikuwa zikifanya kazi, ya tatu ikisaidia siku za baridi, na ya nne ikisafiri bure. Ilikunywa oili na kuitoa nyuma ikiwa moshi wa buluu. Mama jirani, mke wa dereva wa treni, mwanamke mzito mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akianua nguo zake kila alipoisikia ikiwashwa, kama mtu aliyeona wingu la mvua.

Mume wangu aliipenda tangu siku ya kwanza. Si kwamba alikuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mtu wa maagizo. Reli ilikuwa imemfundisha kwamba kitu chochote, kikipewa utaratibu wake na utaratibu huo ukafuatwa, kitafika kinakokwenda. Mimi sikuja na utaratibu wa maandishi. Motokaa ilikuja na kitabu chake, kimechakaa na kunuka panya, na alikisoma mpaka akakikariri. Alijua plagi ziwe na mwanya wa kiasi gani, oili iwe nzito kiasi gani, tapeti za kusukuma valvu zipimwe injini ikiwa baridi au moto. Alijua zamu ya kuwaka kwa silinda: moja, tatu, nne, mbili. Alikuwa akiipiga kwa vidole mezani akisubiri chakula. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, aliipiga mgongoni mwake ili acheue: moja, tatu, nne, mbili. Na mtoto, bila kuona haya, alicheua.

Injini na mimi tulilala kitandani wiki moja. Namaanisha kwamba wiki niliyojifungua ndiyo wiki injini ilitolewa ndani ya motokaa na kufunguliwa. Silinda zilikuwa zimelika, hivyo bloku lilipelekwa karakana moja mjini likachongwa upya, zikatiwa pistoni kubwa zaidi kidogo, ringi mpya na beringi mpya. Fundi wetu ndiye aliyesimamia kazi. Alikuwa mzee wa vita vya pili, aliyetengeneza malori ya jeshi kule Burma, ambako yeye alikuita Bama, na hakumwacha mtu yeyote asahau. Hata kukaza nati kulikuwa na hadithi ya Bama ndani yake.

Mimi nilirudi kutoka hospitali siku ya tatu. Mama mkwe wangu alikuwa amekufa zamani, na mama yangu mzazi hakuweza kuja, kwa sababu nitakayoieleza. Mama jirani aliniletea uji siku nne mfululizo, lakini naye alikuwa na watoto saba. Siku ya tano nilikuwa bombani na ndoo yangu.

Injini ilirudi baada ya mwezi na kitu. Nilikuwa nikitoka bombani, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, nilipomkuta fundi amesimama mbele ya boneti akimpa mume wangu maagizo.

"Sikiliza, karani. Kila kitu humu ndani bado ni kibichi. Ringi hazijajuana na silinda. Ukiikimbiza sasa, umeiua, na usije kunililia. Maili thelathini kwa saa, usizidi, mpaka imalize maili mia tano za kwanza. Ukiona mlima, shuka gia mapema. Mzigo hapana. Abiria hapana, wewe peke yako, na hata wewe usile sana."

"Na oili?"

"Oili nyepesi, na uimwage mapema, maana itatoka na unga wa chuma. Bolti za kichwa cha silinda uzikaze tena ikishapata moto mara kadhaa. Karani, nikuambie kwa ufupi. Huyu sasa ni mzazi. Mtunze kama mzazi."

Mzazi, kwetu, ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Hapiki, hateki maji, haingii kwenye baridi. Huchinjiwa kuku na kupikiwa uji wa wimbi, na wanaume humsalimu wakiwa mlangoni. Fundi alisema vile kwa sababu alipenda kusema. Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Mume wangu aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyesomewa sheria.

Kesho yake asubuhi niliikuta boneti imefunikwa blanketi langu.

Nilimuuliza kwa upole. Nakumbuka upole huo kwa sababu ulinichosha.

"Baba, blanketi langu liko wapi?"

"Nimeifunika injini. Usiku umande wa Menengai unashuka, asubuhi oili inakuwa nzito."

"Na mimi?"

"Wewe uko ndani."

Kweli. Nilikuwa ndani. Halafu akaanza kuchuja maji ya rejeta, yale yanayopoza injini, kwa sababu maji ya bomba ya Nakuru yana chumvi inayoziba mirija. Alikusanya maji ya mvua kwenye pipa na kuyachuja kwa kitambaa cheupe, safi, laini. Ilinichukua muda kukitambua. Ilikuwa nepi. Kila jioni alitoa chujio la hewa akaliosha kwa petroli, kwa sababu ya lile vumbi la ziwa, akalipaka oili kidogo, akalirudisha. Asubuhi aliiwasha, akaiacha ipate joto, akasimama kando yake mikono nyuma akisikiliza, mpaka aridhike kwamba imeamka vizuri. Mimi wakati huo huo nilikuwa nimeamka vizuri au vibaya, hakuna aliyesimama kando.

Nyumba za reli hazina siri. Neno la fundi lilikuwa limezunguka mstari mzima kabla ya chakula cha mchana. Wanaume wakitoka zamu walipita wakimwita mume wangu:

"Karani! Mzazi ameamkaje?"

"Hajambo. Anaendelea."

Siku moja nilikuwa mlangoni nikichambua mchele, mmoja akapita akauliza hivyo hivyo, nikamjibu nimeamka salama, asante sana. Akasimama, kofia mkononi, mtu mwenye adabu.

"Samahani, shemeji. Nilikuwa nauliza motokaa."

Mama jirani alikuwa dirishani kwake. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaja kunipa pole, na pole yake ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Usihuzunike, mwalimu. Mke mwenza asiyekula ugali wako ni baraka."

"Anakunywa, lakini."

"Ee, anakunywa. Lakini umewahi kusikia akikusengenya kwa mumeo?"

Nilicheka naye. Nilikuwa hodari wa kucheka siku hizo. Nilisema mimi sina neno, ninachotaka ni usafiri tu. Na hapa ndipo inanibidi nieleze habari ya mama yangu.

Macho yake yalikuwa yanafunga. Si ukungu ule ambao daktari huukata ukatoka. Yalifunga kutoka pembeni, kama mlango unaosukumwa taratibu, mpaka akawa anaona mbele tu, na hata huko mbele pembamba. Binamu yangu aliyekuwa gadi wa treni ndiye aliyetuletea habari, akipita Nakuru na treni ya kutoka Kisumu. Alisema daktari wa misheni amesema hakuna dawa, ni kungoja tu. Alisema pia kwamba mama amesikia mtoto amechukua uso wake.

"Anasema hajawahi kuuona uso wake sawasawa," binamu akasema. "Kioo cha kwao kilivunjika akiwa msichana. Anasema umletee huo mwingine auone, angali anaona."

Mume wangu alisikia. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa msomaji afikiri hivyo kwa sababu ya nepi moja. Jioni ile ile alisema:

"Pasi ya treni ipo. Chukua mtoto uende Ijumaa. Mimi nitakuja kuwachukua na motokaa ikimaliza maili zake."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Nitabaki na nani tena? Niko na kazi. Niko na motokaa."

"Hiyo ndiyo nauliza."

Hakuelewa. Nikampa sababu nzuri, ninazo nyingi kila wakati. Nilisema treni itatushusha mbali, kuna basi, kuna kutembea na mtoto kwenye jua, na motokaa ingefika mpaka mlangoni kwa mama. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba dada yangu alikuwa amefika nyumbani mwaka uliotangulia ndani ya lori la mumewe, akiwa mbele, na mama alisimulia jambo hilo kwa kila aliyekuja kuomba moto. Lakini sababu iliyokuwa chini ya hizo zote ni kwamba sikutaka kuiachia ile motokaa nyumba yangu. Nilijiona nikiwa kwenye behewa na mtoto wangu, na wao wawili wamebaki Nakuru, yeye na ile, na blanketi langu.

"Sawa," akasema. "Basi nitazimaliza haraka."

Tangu siku hiyo, kila alipotoka kazini, alikunywa chai akiwa amesimama, akaondoka. Alikwenda Lanet na kurudi, Lanet na kurudi, kwa maili thelathini kwa saa, peke yake, kwa kuwa abiria ni mzigo. Sasa naelewa alikuwa akizisaka zile maili kwa ajili ya macho ya mama yangu. Wakati ule niliona mwanamume anayetoka kila jioni amechana nywele na kurudi na harufu isiyokuwa yangu. Kwamba harufu ile ilikuwa ya petroli haikunifariji hata kidogo.

Jumapili moja nilimwambia nitakwenda naye.

"Fundi amesema abiria hapana."

"Nimekonda tangu nizae. Hutajua kama nimo."

Tulimwacha mtoto kwa mama jirani, tukatoka. Njia ya kwenda Lanet ni nzuri, haina mlima wa maana, na upande wa kulia mashamba yalikuwa na ngano inayoanza kugeuka rangi. Kwa mwendo ule ungeweza kuhesabu masuke. Baiskeli moja ilitupita kwenye mteremko. Kisha lori la kabichi likatupita, limejaa watu juu ya kabichi, na wote wakageuka kututazama.

"Ni harusi ama ni mazishi?" mmoja akapiga kelele.

"Subirini maiti ashuke asukume!" mwingine akaongeza, na lori zima likacheka.

Mume wangu hakusikia. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, anasikiliza tapeti.

Karibu na kambi ya jeshi palikuwa na kizuizi cha askari, kama ilivyokuwa kila mahali miaka hiyo. Niliogopa, maana magari yalisimamishwa na kupekuliwa hata chini ya viti. Lakini askari walipotuona waliinua mti bila kuulizwa, wakitabasamu, na mmoja akaja dirishani.

"Karani! Leo umebeba mtu!"

"Ni mama watoto, afande."

"Haki ya Mungu?" Aliinama akanitazama vizuri. "Mama, habari yako. Wiki ya kwanza tulimkamata huyu. Tulimuuliza unakwenda wapi kila jioni na unarudi huna kitu? Akasema haendi popote, anamtunza mzazi. Tukatafuta huyo mzazi mpaka kwenye buti!" Akapiga boneti kofi dogo la kirafiki. "Kumbe una mke. Sisi tulishasema huyu ndiye uliyemuoa."

Walicheka. Mume wangu naye alicheka, akaona haya kama kijana aliyetajiwa mchumba. Nilimtazama uso. Miaka mitatu ya ndoa, na sikuwahi kutajwa mbele yake akaona haya namna ile.

Mbele kidogo barabara inapanda, si mlima, ni mwinuko tu. Alishuka gia mapema kama alivyoagizwa. Injini ikabadilisha sauti, ikajikaza. Akaegemea mbele, akaweka mkono wake juu ya dashibodi, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Polepole, mama. Hivyo hivyo. Usijitese."

Nilipokuwa nikijifungua alikuwa bohari, anapokea magunia ya mahindi. Sikumlaumu, wanaume hawakuwa wakija. Lakini maneno yale niliyajua. Ndiyo maneno niliyoyataka usiku ule mzima, yote, kwa mpangilio ule ule, na sauti ile ile. Kumbe alikuwa nayo.

"Kuna kitu kinagonga," nikasema.

Aliondoa mguu kwenye petroli kama aliyekanyaga moto.

"Wapi?"

"Chini."

"Kinagonga namna gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Kama mtu anayebisha mlango na hataki majirani wamsikie."

Rangi ilimtoka. Akaizima pale pale, katikati ya mwinuko, akavuta breki ya mkono. Nilikuwa nimedhani atakasirika nayo. Nilikuwa nimeona wazi, kwa jinsi mtu mwenye wivu anavyoona mambo wazi, kwamba ataichoka, atasema kumbe haina shukrani baada ya yote hayo, ataiuza, tutapanda treni sote watatu Ijumaa. Badala yake alishuka, akafungua boneti, akaisimamia kwa huzuni kubwa. Akagusa kizibo cha rejeta kwa kiganja, kama unavyogusa paji la uso la mtoto.

Hakukubali kuiwasha tena. Lile lori la kabichi liliporudi, likiwa tupu, lilituvuta kwa kamba mpaka Nakuru. Walitupitisha kwenye kizuizi, na askari safari hii hawakucheka. Yule mmoja alivua kofia.

Nilijiambia mambo yataishia kwa fundi. Fundi ataiwasha, atasikiliza, atasema hakuna kitu, mke wako anaota ndoto. Nilikuwa tayari kusema labda nilikosea. Alikuja kesho yake jioni. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake ubavuni mwa bloku na mpini sikioni, akafumba macho. Alihama silinda hadi silinda. Majirani walikuwa wamejipanga ukutani, mikono kifuani.

"Nani aliusikia?" fundi akauliza.

"Mwalimu," mume wangu akasema.

Fundi alinitazama, kisha akatazama ule umati. Nilimwona akipima mambo. Hapa ni mwanamke, mwalimu wa darasa la kwanza, amesikia mlio ambao yeye wa Bama hausikii. Akarudisha mpini sikioni.

"Upo," akasema. "Silinda ya tatu. Beringi ya kule chini. Mwanzo ni hivi, ni mdogo, mtu asiye na uzoefu hawezi kuusikia."

Mimi sikuwa nimetaja silinda yoyote.

"Hata mimi niliusikia," mume wangu akasema, kwa unyonge. "Nadhani tangu Ijumaa. Nilikuwa najidanganya."

Ndipo nilipojua kwamba sitaweza kuusema ukweli. Ningewezaje? Uongo wangu sasa ulikuwa na mashahidi wawili, mmoja wao amepigana vita. Mama jirani alinipiga bega akasema nina masikio ya mbwa wa polisi. Kwa siku kadhaa nilitembea mstari ule wa nyumba nikiwa mtu mwenye sifa.

Injini ilifunguliwa tena. Bakuli la oili likashushwa, beringi ya tatu ikatolewa, mpya ikakwanguliwa ili ikae sawa, ikatiwa. Fundi alimwonyesha mume wangu ile ya zamani, akapitisha kucha juu yake, akasema, "Unaona?" Mume wangu akasema anaona. Mimi nilionyeshwa pia. Iling'aa kama shilingi mpya. Nikasema naona.

Kisha fundi akasema maili zianze upya, zote, kana kwamba hazikuwahi kwenda. Mzazi amerudi kitandani.

Hapo ningepanda treni. Pasi ilikuwa kwenye droo. Mume wangu alinikumbusha zaidi ya mara moja, na binamu yangu gadi, kila alipopita, alisema mama anauliza. Macho bado yapo, alisema, lakini anatembea na mkono ukutani. Nilijibu motokaa ni mgonjwa, ikipona tunakuja. Alipofikisha ujumbe huo, mama alitutumia salamu za pole, na nikasikia kwamba aliitaja motokaa kanisani iombewe pamoja na wagonjwa wengine.

Sikwenda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na kila mara napata jibu lile lile dogo. Mume wangu sasa alikuwa kwa fundi kila jioni, anashika taa, na nikiwa safarini angehamia huko kabisa. Nilikaa Nakuru ili nione kwa macho yangu mwenyewe ninavyopuuzwa. Nilidhani mama ana muda. Nilidhani mlango ule unafunga taratibu kwa sababu ulikuwa umefunga taratibu mpaka hapo.

Motokaa ilitoka. Safari za Lanet zikaanza tena, polepole kuliko zile za kwanza, maana sasa alikuwa na hofu. Alirudi jioni akaniuliza kwa unyenyekevu kama ningeweza kuja Jumapili kuisikiliza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye sikio. Nilikwenda. Nilisikiliza kwa makini sana, uso umekunjamana. Nikasema sasa iko safi. Akashukuru. Sijawahi kushukuriwa nikajisikia vile.

Simu ilikuja siku ya kazi, mchana. Katika nyumba zetu simu haikuwepo, ilikuwa moja bohari, juu ya meza ya mume wangu. Alikuja mwenyewe akikimbia, karani mzima, kalamu sikioni, akasema kaka yangu yuko kwenye laini anataka kusema na mimi. Kaka yangu alikuwa karani katika hospitali ya misheni kwetu. Nilimfunga mtoto mgongoni nikamfuata kati ya magunia.

"Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mama yuko hapa. Tumemleta ili daktari amwangalie."

"Amesema nini?"

Laini ilikwaruza. Nilidhani imekatika.

"Amesema yamefunga. Yote mawili. Tangu Jumapili haoni hata taa, dada. Alituficha. Tulijua alipomwaga chai."

Nilishika ukingo wa meza. Mume wangu alikuwa ameyasikia, simu zile zilikuwa na sauti kubwa. Alifungua droo, akatoa kitabu cha pasi, akaanza kuandika.

"Niko naye hapa kando," kaka akaendelea. "Hataki kuishika simu. Anasema mlete mtoto, atamshika uso kwa mikono. Anasema msijisumbue, sasa hakuna haraka."

"Mwambie tunakuja na treni ya kesho."

Nilisikia akimwambia. Kisha nikasikia sauti ya mama kwa mbali, nyembamba, ikiuliza kitu, na kaka akicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Anauliza mbona treni. Kwani motokaa haijapona?"

Mume wangu aliinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake akanitazama, akingoja, kama mtu ambaye naye anataka kujua.

"Mwambie imepona," nikasema. "Mwambie asante kwa maombi."